Nyama Isiyo na Hatia

Kuna swali nililoulizwa kwenye benchi la kusubiria mionzi, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambalo sikuweza kulijibu siku ile, na mpaka leo ninalijibu kwa vipande vipande. Aliyeniuliza alikuwa mama mmoja kutoka upande wa Kilwa, mgonjwa mwenzangu, ambaye nilizoea kukaa jirani naye kwa kuwa zamu zetu zilifuatana. Yeye alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, kama walivyokuwa wengi wa kina mama waliokaa kwenye mabenchi yale. Uvimbe wake ulikuwapo, madaktari walikuwa wameuona na kuupima, na mionzi ilielekezwa kwake kama mshale kwa mnyama aliyesimama. Aliponiuliza habari zangu nikamweleza kwamba mimi nilikuwa na uvimbe pajani, na kwamba umekwisha kutolewa wote. Akanitazama kitambo, kisha akasema: "Sasa Mwalimu, kama wamekwisha kuutoa, hapo wanachoma nini?"

Nilicheka, kama tufanyavyo sisi walimu tukiulizwa swali ambalo hatukuliandaa. Nikamwambia, "Wanachoma mabaki, mama."

"Wameyaona?"

"Hawajayaona."

Akanyamaza, akaifunga khanga yake vizuri, na zamu yake ikaitwa.

Msomaji wangu anivumilie nieleze kwanza ugonjwa wenyewe, kwa kuwa si wengi wanaoufahamu. Saratani hii huanza katika tishu laini, yaani misuli, mafuta, mishipa na zile nyuzi zinazoushikamanisha mwili. Kwa watu wazima ni adimu: katika kila saratani 100 ni takribani moja tu iliyo ya namna hii, na hata hiyo moja ina aina zaidi ya 50 ndani yake. Aghalabu haiumi. Ndiyo hila yake kubwa. Mimi nilikuwa na kinundu nyuma ya paja la kushoto kwa muda wa mwaka mzima, nikakikalia katika vikao, ibada na misiba, nikisema ni mafuta ya uzee. Kilipofikia ukubwa wa yai la bata nilikwenda hospitali moja ambayo sitaitaja, wakakitoa kama mtu anavyotoa kokwa ya embe, nikarudi nyumbani siku ileile. Nashukuru kwamba angalau kinyama kile kilipelekwa maabara. Jibu lilikaa wiki nyingi kwenye faili la mtu fulani kabla halijanifikia, na lilipofika lilinikuta nikipalilia mahindi.

Kwa hiyo mwaka 2022 nilikatwa mara ya pili, Dar es Salaam, na mpasuaji aliyejua anachokitafuta. Mara hii hakutoa kinundu, maana hakikuwapo. Alitoa kitanda kilichokilalia, pamoja na kovu la kwanza na nyama iliyolizunguka pande zote. Pande zote isipokuwa moja. Upande wa ndani unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na pale hakuweza kwenda mbali bila kuniacha nikiburuta unyayo maisha yangu yote. Maabara ikasema ukingo ule ni safi, lakini ni mwembamba mno, kadiri ya milimeta moja. Jeraha likafunga vizuri. Nilidhani mambo yamekwisha.

Hapo ndipo nilipoitwa na daktari wa mionzi, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wangu wa kwanza. Akanisalimu, "Shikamoo Mwalimu," nikaitika, akanieleza bila kuzunguka kwamba anashauri paja lile lipigwe mionzi kwa siku 33 za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, grei 2 kila siku, jumla grei 66. Siku 25 za mwanzo uwanja utakuwa mpana, na siku 8 za mwisho utafinywa uwe mahali pale tu palipokuwa na uvimbe. Nikamuuliza swali lilelile ambalo mama wa Kilwa angeniuliza baadaye, ila mimi nililivika suti: "Daktari, kuna ushahidi gani kwamba kimebaki kitu?"

Akasema, "Hakuna, Mwalimu. Ushahidi tulio nao si wako. Ni wa watu waliokutangulia."

Ushahidi huo nimeusoma baadaye kwa msaada wake na wa mwanangu mwenye kompyuta, na nitausimulia kwa kifupi kwa kuwa hoja yangu yote imeegemea hapo. Zamani mtu mwenye saratani ya namna hii mguuni alikatwa mguu. Huko Marekani, katika taasisi yao ya taifa ya saratani, wagonjwa 43 waligawanywa kwa bahati nasibu: 16 wakakatwa kiungo kizima, na 27 wakatolewa uvimbe tu kisha wakapigwa mionzi. Matokeo yalitangazwa mwaka 1982. Waliokatwa kiungo hakuna hata mmoja ambaye ugonjwa ulimrudia mahali pale. Wale wengine uliwarudia 4. Lakini ulipohesabiwa uhai, makundi yote mawili yaliishi sawasawa. Tangu hapo madaktari wengi wameacha kukata miguu ovyo. Nawaomba wanaoiogopa mionzi walitafakari jambo hilo: huu mguu ninaokanyagia ninao kwa sababu mionzi ipo.

Wataalamu wakajiuliza tena: je, tukitoa uvimbe peke yake, bila mionzi, itakuwaje? Jibu lilitoka katika taasisi ileile mwaka 1998. Walikuwapo watu 91 wenye uvimbe wa aina kali. Waliopata mionzi karibu wote hawakurudiwa na ugonjwa mahali pale. Miongoni mwa wasioipata, takribani mmoja katika kila watano alirudiwa. Na uhai? Hapakuwa na tofauti iliyoweza kuonekana.

Nilipofika hapo niliiweka karatasi chini.

Maana ukiwa mwalimu wa hesabu, hata mstaafu, huwezi kuisoma sentensi hiyo kwa upande mmoja. Ikiwa mmoja katika watano hurudiwa, basi wanne hawarudiwi. Wanne hao, wakipigwa mionzi, wanapigwa bure. Ngozi yao inaungua, misuli yao inakakamaa, goti linakuwa zito, pengine mguu unavimba, mfupa wa paja unaweza kudhoofika hata ukavunjika miaka baadaye, na mara chache sana mionzi yenyewe huzaa saratani nyingine baada ya muda mrefu. Wanne wanaumia kwa ajili ya mmoja, na katika hao watano hakuna ajuaye yeye ni yupi, wala daktari hajui. Hesabu hizo si zangu barabara, kwa kuwa kila uvimbe una tabia yake na kila ukingo una upana wake, lakini sura ya jambo ndiyo hiyo.

Na mimi sura hiyo nilikuwa nimekwisha kuiona. Niliiona mwaka 1983.

Mwaka huo nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya bweni, kabla sijahamishiwa chuo cha ualimu. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanaukumbuka: sukari, sabuni, unga wa ngano, vyote vilikuwa adimu, na ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, ambapo hata mtu mwenye madumu mawili ya mafuta ya kula alitazamwa kwa jicho la shaka. Katika hali hiyo gunia moja la sukari ya uji wa wanafunzi, ambalo nililipata kwa barua tatu na safari mbili za makao makuu ya mkoa, lilitoweka stoo usiku. Nyayo, au alama ambazo sote tulikubaliana kuziita nyayo, zilielekea bweni moja. Bweni lile lilikuwa na wavulana 42.

Nikawasimamisha mstarini alfajiri, kwenye umande. Nikawaambia kwamba samaki mmoja akioza wote huoza, nikawapa dakika kumi mwenye kosa ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Wakachapwa wote, fimbo nne nne, na kwa wiki nzima wakalima shamba la mihogo la shule wakati wenzao wako darasani.

Wizi ulikoma. Nalisema hilo kwa uangalifu kwa sababu ni kweli: mpaka ninaondoka shuleni pale hapakuibwa tena kitu stoo. Kama ulikoma kwa sababu ya fimbo zile, au mwizi alikuwa wa usiku mmoja tu, au hakuwa mwanafunzi kabisa bali mtu wa kijijini aliyeona sukari kama tulivyoiona sisi, sikujua na sitajua.

Siku ya tatu ya adhabu alikuja ofisini kwangu mvulana mmoja wa kidato cha pili, mwembamba, mikono ina malengelenge ya jembe. Akasimama mlangoni mpaka nilipomruhusu. Akasema, "Mwalimu, usiku ule mimi sikuwa bwenini. Nilikuwa nimelazwa zahanati, nina homa. Niliruhusiwa asubuhi, nikafika mkiwa mstarini, nikaingia kwenye mstari." Nikamuuliza kwa nini hakusema palepale. Akasema, "Sikuja kulalamika, Mwalimu. Nilitaka tu ujue."

Nikamjibu, "Nimesikia. Nenda kalime na wenzako."

Basi. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia.

Baadaye nilikaa miaka mingi katika chuo cha ualimu, mwishowe nikiwa mkuu wake, na kila mwaka niliwafundisha walimu watarajiwa mada ya nidhamu. Kisa cha sukari nilikitumia kama mfano wa uthabiti wa mkuu wa shule. Nilikisimulia hadi pale wizi ulipokoma, nikaishia hapo, na wanachuo waliandika kwenye madaftari yao. Yule mvulana sikumtaja hata mara moja. Sikuwa nimemsahau, ungeniamsha usiku wa manane ningekueleza shati lake lilichanika upande gani.

Sasa nilikuwa mimi ndiye ninayeambiwa niingie mstarini. Au tuseme vizuri zaidi, lilikuwa paja langu: misuli isiyo na kosa lolote, ngozi iliyonifunika miaka sabini na mitatu, vyote vichapwe kwa sababu huenda ndani yake kuna seli moja inayojificha. Je, ni haki kukiumiza kilicho kizima kwa ajili ya shaka? Nilirudi kwa mwanangu Tabata nikiwa nimeomba siku tatu za kufikiri, na daktari alinipa. Jirani mmoja pale aliniambia kwamba mtu wa umri wangu ampishe kijana kwenye foleni. Lina uzito, lakini ni swali la insha nyingine.

Jibu la haraka, ambalo wengi wangelitoa, ni kwamba nyama si mwanafunzi. Nyama haina haki, haioni aibu, haisimami kwenye umande. Mimi jibu hilo halinitoshi. Hakuna paja linalolala kitandani peke yake. Anayelala ni mtu, na usiku ngozi inapowaka anayeamka ni mtu. Anayeshindwa baadaye kuchuchumaa chooni au kupiga magoti ni mtu yuleyule. Ukisema nyama haina hatia wala haki umemtoa mgonjwa chumbani kabla hujaanza kumtibu.

Jibu la pili ni la kipimo. Hapa nilijifunza kitu ambacho sikukitazamia. Nilidhani mionzi inagawanywa siku 33 kwa huruma, kama vile mtu anavyolipa deni kidogo kidogo. Daktari akanieleza kwamba ndiyo siri ya tiba yenyewe. Mionzi huvunja zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi wake, nzima na mbovu bila kubagua. Lakini seli nzima ina fundi wake: ikipewa usiku mmoja hujirekebisha kwa kiasi kikubwa. Mbovu aghalabu ina fundi mbaya. Kwa hiyo kila asubuhi unapiga, kila usiku unasubiri, na tofauti ndogo kati ya wazima na wabovu inaongezeka siku hadi siku mpaka inakuwa kubwa. Adhabu isiyoweza kubagua inabaguliwa na muda wa kupona unaotolewa katikati yake.

Na jambo jingine. Nilipolala kupimwa, wakinichora kwa wino na kunitia vidoadoa vya kudumu ngozini ili kila siku nilale mahali palepale, niliwaona wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu ukanda mmoja upande wa nje wa paja. Nikauliza. Wakaniambia kwamba kiungo hakipigwi mionzi mzunguko mzima; ni lazima uachwe ukanda wa ngozi na nyama usioguswa, kuanzia juu hadi chini, ili maji ya mwili yapate njia ya kupanda. Ukiufunga mzunguko wote mguu utavimba usirudi. Wataalamu wale walikuwa tayari kuuachia ugonjwa mwanya mdogo ili mguu ubaki mguu. Nililala pale, suruali iko kwenye kiti, nikikumbuka kwamba katika bweni la watu 42 sikuacha ukanda. Hata mtu mmoja! Hata yule ambaye kitabu cha zahanati kilikuwa na jina lake, na zahanati ilikuwa hatua mia moja kutoka ofisini kwangu.

Jibu la tatu ni ridhaa, na kwa siku kadhaa niliamini kwamba hapo ndipo mwisho wa jambo. Mimi niliulizwa. Nilielezwa faida na madhara, nikapewa karatasi, nikatia sahihi kwa mkono wangu. Daktari hakunitisha. Nilipomuuliza kama ningeishi zaidi alisema, "Siwezi kukuahidi hivyo, Mwalimu. Tafiti hazisemi hivyo. Ninachotarajia ni kwamba usirudi kukatwa mahali palepale, maana mara ya pili upande wa mshipa hautakuwa na nafasi." Akaongeza kwamba kuna wenye vinundu vidogo, vya juu juu, vya aina isiyo kali, waliokatwa kwa ukingo mpana, ambao yeye mwenyewe huwaambia waende nyumbani bila mionzi. Mimi sikuwa katika hao. Akaniambia pia, kwa kuwa nilimbana, kwamba ingewezekana kuipiga mionzi kabla ya upasuaji. Wakanada waliwalinganisha watu 190 na kutangaza mwaka 2002: walioanza na mionzi walipata matatizo ya jeraha kwa asilimia 35, na waliomalizia na mionzi asilimia 17, lakini hao wa mwisho hupigwa kipimo kikubwa zaidi kwenye uwanja mpana zaidi, na miaka ikipita viungo vyao hukakamaa zaidi. Kwangu mimi hiari hiyo ilikwisha kupita siku kinundu kilipotolewa kama kokwa. Haidhuru. Nilijua ninachokichagua, na wavulana wangu hawakuchagua.

Basi nikajiambia: tofauti ni ridhaa, na mjadala umefungwa.

Ukafunguliwa wiki ya pili. Alikuja mama kijana na mtoto wa miaka kama mitano, mgongoni ana alama za wino kama zangu, amebeba gari la plastiki lisilo na magurudumu mawili. Nao walikuwa wamekwisha kutoa uvimbe wake. Yule mtoto hakutia sahihi popote. Aliingizwa, mlango ule mzito ukafungwa, na mama yake akasimama nje ameweka kiganja ukutani. Mtoto akiwa mkubwa goti au mgongo wake huenda usikue kama wa wenzake, na huenda akawa miongoni mwa wale ambao hawakuihitaji mionzi hata kidogo. Je, yule mama alikuwa amekosea? La hasha. Ningekuwa mimi ningetia sahihi mara mbili. Wahenga walikwisha sema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini basi ridhaa siyo ninayoitafuta, kwa sababu hapa haikuwapo na bado jambo lilikuwa sawa.

Nikawa ninamtazama yule mama kila siku. Alikuwa anahesabu. Kila akitoka mtoto alimfunua shati akatazama ngozi, akamuuliza ameona nini ndani, amekula nini asubuhi akakitapika au hakukitapika. Alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa 32, anaandika. Na daktari kila wiki alikuwa akitutazama sisi sote ngozi zetu, akibonyeza, akiuliza, akiandika naye. Ngozi yangu ilipofunguka siku ya ishirini na kitu, karibu na tako, alisikitika waziwazi, kama mtu aliyevunja chombo cha jirani. Hakusema kwamba ni lazima iwe hivyo, ingawa ilikuwa lazima iwe hivyo. Aliagiza dawa ya kupaka na kesho yake akauliza tena.

Nadhani ndipo nilipoona kosa langu lilipokuwa, na halikuwa pale nilipokuwa nikilitafuta. Miaka yote hii, katika nyakati nilizothubutu kufikiri, nilijitetea kwamba mkuu wa shule katika mwaka wa njaa hana budi kutenda bila kujua, na kwamba asiyethubutu kuwagusa wazima hatampata mgonjwa. Utetezi huo bado nauona una maana, ingawa fimbo zenyewe leo singezitetea. Binadamu huamua gizani. Daktari huamua gizani, mzazi huamua gizani. Lakini anayeamua kuumiza kwa ajili ya shaka amejitwika deni kwa kila mzima aliyemgusa, na malipo ya kwanza ya deni hilo ni kumtazama. Yule mvulana alikuja mlangoni kwangu kuniletea hesabu. Alikuja na mikono yake, aniambie: huyu mmoja, Mwalimu, ulimpiga bure, andika. Nami nikamrudisha shambani. Tena nikaendelea kukisimulia kisa kwa miaka zaidi ya ishirini nikiwa nimekifuta kile kipande, mbele ya vijana waliokuja kwangu wajifunze namna ya kukaa na watoto wa watu.

Chumba cha mionzi kinafaa sana kwa mawazo ya namna hii. Unalazwa, wote wanatoka, mlango unajifunga, mashine inazunguka kama ng'ombe anayekuchunguza. Huhisi kitu. Dakika chache, basi, umekwisha. Hakuna mahali pengine nilipowahi kuumizwa kwa upole namna ile.

Nilimaliza siku 33. Mama wa Kilwa alikuwa amemaliza kabla yangu. Siku yake ya mwisho nilimwambia kwamba nimepata jibu la swali lake, naye akacheka akasema amekwisha kusahau aliuliza nini. Nikamwambia wanachoma wasichokijua. "Ah," akasema, "hata sisi tunapanda tusichokijua." Sikuelewa vizuri, lakini niliandika.

Sasa imepita zaidi ya miaka miwili. Paja lina rangi ya mkaa, gumu kama mpira wa gari, na goti halikunji hadi mwisho; chooni nimewekewa kiti. Kila miezi kadhaa ninapigwa picha ya kifua, kwa kuwa ugonjwa huu ukisafiri hupenda mapafu. Mpaka sasa hakuna kitu, si kifuani, si pajani. Watu wananipongeza kwa mionzi, nami nawashukuru, nikijua kwamba huenda mimi ni mmoja wa wale wanne, na kwamba hakuna kipimo duniani kitakachoniambia.

Namba ya yule mvulana niliipata kwa wanafunzi wa zamani, ambao wana kikundi chao cha simu cha kutumiana salamu na michango ya misiba. Ana wajukuu sasa. Niliiandika nyuma ya kadi ya kliniki, ikakaa hapo miezi minne. Nilipompigia aliitika, "Shikamoo Mwalimu," kabla sijajitaja, sijui alinitambuaje. Nikamweleza ninachompigia: usiku ule, zahanati, mstari, mlango wa ofisi. Nikamwambia kwamba nilimsikia siku ile na nikafanya kana kwamba sikusikia, na kwamba naomba radhi. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Ilikuwa Jumatano, Mwalimu," akasema. "Siku ile niliyokuja ofisini."

Nikasema mimi siku siikumbuki. Akasema yeye anaikumbuka. Kisha akauliza habari za mguu, kwa kuwa alisikia kwa wenzake kwamba niliumwa, na kama unaniuma wakati wa baridi. Nikamwambia unauma asubuhi, ukishatembea unalegea. Akaniuliza ni upande gani.